Mlango wa Pili

Mchanga tuliuchota korongoni, kokoto tukaziponda kwa nyundo
mpaka viganja vikaota sugu juu ya sugu.
Julai, Kongwa: upepo unakuja na vumbi lake
kama mgeni aliyebeba mkeka wake mwenyewe.
Nikaambiwa, Fundi Chilongani, pembe za chumba hiki
zisiwe pembe. Zizungushe,
vumbi likija likose pa kukaa.
Miaka ishirini na mitatu nanyoosha pembe kwa timazi,
siku hiyo nikajifunza kuzikosea kwa makusudi.

Watu walipita, wakasimama uzioni:
Hizi nazo ni karanga?
Maana babu zetu waliona reli ikiletwa hapa,
matrekta yakashushwa, Mzungu akachora mistari nyikani,
kila kitu kikaja isipokuwa mvua.
Karanga ziligoma. Reli iling'olewa.
Sikuwajibu. Nilikuwa napima maji ya zege.

Zege nalo lina kesi yake.
Kila tunapomwaga tunajaza visanduku vya chuma,
tunapata michemraba, tunaiandika tarehe, tunailaza majini.
Siku ya saba mmoja unapelekwa Dodoma kuvunjwa.
Siku ya ishirini na nane, wengine.
Mashine inaubana mpaka unapasuka,
ndipo tunajua kama nguzo itasimama.
Usiku niliiwaza ile michemraba.
Haikukosa kitu. Ilivunjwa kwa niaba.

Nikamuuliza Daktari Namsifu, mwiko mkononi:
Na humu ndani mtamvunja nani?

Hakucheka. Alitandaza ramani juu ya mifuko ya saruji:
hapa friji, zenye baridi ambayo Kongwa haijawahi kuiota;
hapa kabati la karatasi, zitakazotunzwa hata sisi tukistaafu;
hapa nusu watapata dawa mpya ya macho, nusu ile ya zamani,
na mimi mwenyewe sitajua nani kapata ipi.
Kisha akaweka kidole kwenye chumba kidogo,
viti viwili, milango miwili.
Huu wa kuingilia. Huu wa pili
ni wa aliyesema hapana.
Atokee moja kwa moja njiani kwake
bila kupita mbele ya wanaosubiri,
bila kumweleza mtu.

Mchemraba, akasema, hauulizwi.

Ule mlango niliutengeneza mwenyewe, sikumwachia saidia fundi.
Mninga. Bawaba tatu. Nikaupiga randa mara mbili
usije ukavimba kwa mvua ya Januari,
nikautia mafuta mpaka mtoto angeusukuma kwa kidole.

Mama yangu, Mbeleje, ana koleo dogo shingoni,
limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Kope zake zimegeukia ndani, zinakwangua jicho
kama ufagio usiojua kuchoka.
Kila asubuhi mjukuu anamng'olea, moja, moja.
Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.
Kijiji kilipohamishwa hawakumuuliza.
Mahari yake ilihesabiwa yeye akiwa kisimani.

Siku ya kwanza akaenda, kitenge kipya,
hakutaka nimshike mkono.
Mimi nikakaa nje, upande wa nyuma,
najifanya nakagua nyufa.
Ndani muuguzi anasoma. Anarudia kwa Kigogo.
Anasoma tena.
Kimya.

Bawaba zangu hazikulia.
Mlango ukafunguka, mama akatoka juani
peke yake, kiganja juu ya paji la uso.

Mama, umekataa?

Akapapasa mbao, fremu, komeo.
Akaufunga. Akaufungua tena.
Sijasema lolote bado, akanijibu.
Nilitaka kwanza nione kama kweli unafunguka.
Kisha akalizunguka jengo, mkono ukutani,
ile pembe ya nje niliyoiacha kali akaikwepa,
akarudi kwenye foleni,
nyuma ya watu kumi na mmoja.